Unaona mbele, mwenzio je?

Washkaji wa njia ya Nachingwea kwenda Ruangwa, siku hizi pikipiki isiyo na zenoni, ile taa nyeupe kali, eti ya mzee. Sawa, giza la Ruponda tunalijua, na mbuzi wake.

Sasa sikia. Glopu hiyo haina uzi, ina gesi. Ili iwake, kidude kiitwacho balasti kinapandisha volti 12 za betri hadi zaidi ya 20,000. Ikiwaka usichezee waya zake, utarushwa! Na pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele hula umeme wa koili za injini, unaopanda na kushuka na resi. Balasti haiutaki huo. Mwambie fundi achukue moto wa betri, apitishe kwenye fyuzi na rilei.

Ishu kubwa ni ile taa yenyewe. Imeundwa kwa glopu ya uzi. Ukipachika zenoni mwanga unatawanyika ovyo, hata ukiweka dimu. Wewe unamwona mama anayerudi shamba na baiskeli isiyo na taa. Bodaboda anayekuja mbele yako hamwoni, kapofuka! Kama lazima, nunua taa kamili yenye lenzi yake, uiinamishe kidogo. Ile ya bluu iache, ya disko hiyo.