Kifafa Chataka Dawa na Jirani

Mtu akianguka kifafa gulioni, mara nyingi watu humkimbia. Wengine husema povu lake huambukiza, wengine kwamba amerogwa. Yote mawili si kweli. Kifafa ni maradhi ya ubongo: umeme mdogo unaopitisha habari katika ubongo huvurugika ghafula, na mwili ukatetemeka.

Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, aliupima umeme huo kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Tangu hapo madaktari huusoma kwa mistari inayochorwa na mtambo. Lakini kuisoma ni kazi ya mabingwa, nao katika nchi yetu ni wachache, tena wako mijini. Mkulima wa tumbaku wa Ushetu atawafikiaje?

Sasa pana habari ya kutia moyo. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba akili mnemba, iliyofundishwa kwa vipimo zaidi ya 30,000, yaweza kuisoma mistari hiyo sawa na mabingwa. Twaipokea habari hii kwa furaha, lakini kwa tahadhari. Vipimo vile vilikusanywa Ulaya. Kwetu kifafa mara nyingi huletwa na malaria ya ubongo, tegu wa nguruwe, ama shida wakati wa kuzaliwa. Chombo hicho hakina budi kijaribiwe kwa wagonjwa wetu wenyewe.

Zaidi ya hayo, kujua ugonjwa si kuutibu. Shirika la Afya Duniani lasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayoihitaji. Dawa ya fenobabitali, isiyo ya gharama kubwa, imetumika tangu mwaka 1912. Huko Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall aliwatibu wenye kifafa miaka ya 1960, kabla akili mnemba hiyo haijatangazwa.

Basi mtambo uje, lakini dawa zitangulie katika zahanati zetu, wala zisikatike. Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Mwenzetu akianguka, tumwepushe na moto, tumlaze ubavu, tusimtie kitu kinywani, tukae naye hadi azinduke, kisha tumpeleke kwa daktari. Kazi hiyo haingoji mashine.