Baiskeli za Mpakani Busia

Sehemu kubwa ya nchi ya Busia ni tambarare, hasa huko Bunyala, ambako mto Nzoia huingia katika Ziwa Victoria. Huko mwendesha baiskeli hana kilima cha kumchosha. Lakini baiskeli ilijipatia sifa kubwa zaidi mpakani. Baina ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho magari hayakuruhusiwa kukivuka bila hati. Msafiri aliyeshuka na mizigo yake hakuwa na budi kutembea. Basi katika miaka ya 1960 vijana walitandika godoro dogo juu ya keria, wakawabeba watu kwa ujira mdogo, huku wakinadi, “Boda, boda!” yaani mpaka hadi mpaka. Kazi hiyo ilifanyika Malaba pia, kisha ikaenea katika miji mingi.

Hivyo kijana asiye na shamba wala kazi ya mshahara aliweza kulisha nyumba yake kwa nguvu za miguu. Tangu miaka ya 2000 pikipiki zimemnyang'anya abiria wake, na hata jina lake zimelichukua. Lakini baiskeli haidai petroli. Mkulima apelekaye mahindi sokoni na asiidharau.