KWA NINI HASHTAGI INAKULETEA HABARI ZA MAHALI PENGINE?

Wengi wanatujia sisi wahamasishaji wa afya na simu mkononi: "Tazama, kipindupindu kimeingia Nyanza-Lac, nisimpeleke mtoto kwa bibi yake?" Mara nyingine habari ni ya kweli. Mara nyingine alama # ndiyo iliyowachanganya.

Hashtagi ni alama # iliyobandikwa mbele ya neno bila kuacha nafasi. Mmarekani Chris Messina aliipendekeza kwenye Twitter mwezi wa Agosti 2007, na Facebook ikaipokea mwaka 2013. Ukibonyeza neno hilo, mtandao unakukusanyia maandishi ya watu waliobandika neno lile lile. Lakini mashine haijui maana. Inasoma herufi na tarakimu, na ikikutana na nafasi au kistari inakata.

Hapo ndipo Nyanza-Lac inapopata taabu. Ukiandika #Nyanza-Lac, kistari kinakata jina na kubaki #Nyanza. Sasa unaletewa Nyanza ya Kenya, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na Nyanza ya Rwanda. Mgonjwa wa Kisumu anageuka mgonjwa wa Tanganyika! Andika #NyanzaLac. Korona nayo ilikuwa hivyo: #COVID-19 ilibaki #COVID, ndiyo maana watu walizoea #COVID19. Hata #Ng'ombe inabaki #Ng. Tarakimu peke yake, kama #2015, Facebook na X (Twitter ya zamani) haziihesabu kuwa hashtagi. Herufi kubwa au ndogo hazina shida.

Rumonge haina kistari, ila ina yake. Mwaka 2015 ilifanywa mkoa. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kuwa mitano, na Rumonge ikabaki komini katika mkoa wa Burunga. Kwa hiyo #Rumonge ya miaka ile inaweza kuwa ya mji, au ya mkoa mzima, mbali na ndugu zako.

Linalotusumbua zaidi ni tarehe. Mara nyingi mtandao hutanguliza maandishi yaliyopendwa na wengi, si ya leo. Mei 2015 kipindupindu kiliwashika wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 30 walifariki. Picha za umati ule ufukweni zikirudi leo chini ya #Tanganyika, mtu mwenye haraka atadhani ni za jana. Tazama tarehe iliyo chini ya jina la aliyeandika. Na kama mtandao una sehemu ya kuchagua habari mpya kwanza, ichague. Lakini mtu akipakia upya picha ya zamani, tarehe inayoonekana ni ya siku aliyoipakia.

Tena mashine haitafsiri. Anayetafuta #kipindupindu hataona lazima yaliyoandikwa #cholera, wala #choléra ya Kifaransa. Tafuta yote matatu. Kwenye kikundi cha WhatsApp alama # haikusanyi kitu.

Jambo jingine, akina mama na baba: hashtagi haifungui maandishi uliyowawekea marafiki tu, lakini yaliyo wazi kwa wote inayapeleka kwa usiowajua. Picha ya mgonjwa usiibandike #Rumonge. Ukiona mtu anahara maji maji mfululizo, mnyweshe maji ya ORS na umpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama mtandao haujaandika lolote.