Sabuni Yenye Vimeng'enya, Povu na Maji ya Ukambani

Usalama wa mgonjwa wa upasuaji huanza kujengwa saa nyingi kabla hajalazwa mezani, katika chumba ambacho jamaa zake hawakioni, ambako makasi, koleo, vishikizo vya sindano na mirija ya kufyonzea damu vilivyotumika kwa mgonjwa aliyetangulia huoshwa, hukaguliwa, hufungwa na kutiwa katika otoklevu, yaani mtambo unaoua vijidudu kwa mvuke wa moto ulio chini ya shinikizo. Katika kaunti za Kitui na Makueni huko Ukambani, nchini Kenya, ambazo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 zilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2, kazi hiyo hufanyika katika hospitali za rufaa zilizoko mjini Kitui na Wote, katika hospitali za Mwingi na Makindu na katika hospitali ya misheni ya Mutomo, na hufanyika katika nchi kame ambako maji ni ya kutafutwa na, yakishapatikana, mara nyingi huwa na chumvi. Makala haya yanaeleza sabuni iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, yenye vimeng'enya na isiyotoa povu jingi, na yanashikilia kwamba manufaa yake Ukambani ni makubwa kuliko mahali penye maji tele, mradi inunuliwe kwa kuzingatia maji yatakayochanganywa nayo.

Otoklevu hutegemewa kupita kiasi. Mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi ukidumishwa kwa dakika 15, au wa nyuzi 134 ukidumishwa kwa dakika 3, huua bakteria, virusi na hata spora, ambazo ni mbegu ngumu za bakteria zinazostahimili maji yanayochemka. Lakini mvuke huo huua tu kile unachokigusa, na damu iliyokaukia ndani ya kiungo cha koleo hujenga ganda lisilopenyeka vizuri katika muda uliowekwa. Chombo cha namna hiyo huweza kutoka mtamboni kikiwa kimefungwa vizuri na utepe wa kuonyesha joto ukiwa umebadilika rangi, ilhali chini ya ganda lile mna viini vilivyo hai. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji wa vifaa vya tiba unautanguliza uoshaji, na kushikilia kwamba chombo ambacho hakijaoshwa kikatakata hakiwezi kuhesabiwa kuwa kimetakaswa. Tangu huduma za afya zilipohamishiwa kaunti mwaka 2013, na hasa baada ya serikali ya kitaifa kuanzisha mwaka 2015 mpango wa kukodisha vifaa uliolenga hospitali mbili katika kila kaunti, vyumba vya upasuaji na mitambo yake vimezungumziwa sana, huku sabuni, brashi na sinki vikibaki vitu vidogo katika hesabu za manunuzi. Mpangilio huo umepinduka, kwa kuwa mtambo wa mamilioni ya shilingi hauwezi kurekebisha kosa lililofanyika kwenye sinki.

Uchafu wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Mama anapojifungua kwa upasuaji, vyombo vilivyomhudumia hurudi vikiwa na damu, majimaji ya uzazi, chembe za mafuta ya chini ya ngozi, na ule utando mweupe wa mafuta unaofunika ngozi ya mtoto mchanga. Koleo la kubania mishipa ya damu lina mikono miwili iliyopitishwa mmoja ndani ya mwingine katika kiungo cha chuma kilichobana, taya zenye mistari myembamba ya meno, na karibu na pete za vidole lina ngazi ndogo ya kulifungia. Damu hujificha katika sehemu zote tatu, na koleo likioshwa likiwa limefungwa, brashi haifiki kiungoni hata mwoshaji awe mwangalifu namna gani. Mrija wa kufyonzea nao una tundu refu ambalo ndani yake jicho halioni kitu. Katika joto la Kibwezi au Ikutha damu hukauka upesi, na kwa hiyo vyombo hufaa kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu mara tu daktari anapomaliza kushona, badala ya kuachwa kwenye sinia hadi zamu inayofuata.

Kimeng'enya ni protini inayotengenezwa na kiumbe hai ili kuharakisha badiliko fulani la kikemia bila yenyewe kuisha, na usagaji wa chakula tumboni huendeshwa na vitu vya namna hiyo. Kila kimeng'enya kina kazi yake: proteasi hukata minyororo mirefu ya protini iliyomo katika damu na kamasi mpaka ikawa vipande vifupi vinavyoyeyuka majini, lipasi huvunja mafuta, na amilasi huvunja wanga. Sabuni ya kawaida huunyanyua uchafu na kuhitaji mkono uusugue, lakini vimeng'enya huukatakata pale pale uliponata, hata ndani ya kiungo kile ambamo brashi haifiki, ilimradi maji yenye sabuni yamefika.

Wazo hilo lilipewa hataza Ujerumani mwaka 1913, mwanakemia Otto Röhm alipotia vimeng'enya vya kongosho la mnyama katika bidhaa ya kufulia iliyoitwa Burnus, ingawa vimeng'enya hivyo vilidhoofishwa na ukali wa magadi ya sabuni za wakati huo, mpaka miaka ya 1960 viwanda vya Ulaya vilipogeukia proteasi za bakteria wa jamii ya Bacillus zinazouvumilia. Kenya nayo imo katika historia hii, jambo ambalo Wakenya wengi hawajaambiwa. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Bogoria, yana bakteria waliozoea maji makali kama ya sabuni, na sampuli zilizochukuliwa huko na watafiti kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndizo zilizoiwezesha kampuni ya Genencor kuuza kimeng'enya cha selulasi kilichotumika katika sabuni za kufulia na katika kupausha nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilidai hadharani sehemu ya faida yake.

Kuhusu povu, watu wengi wamezoea kulichukua kuwa ushahidi kwamba sabuni inafanya kazi, na dhana hiyo ndiyo huwafanya baadhi ya waoshaji kuikataa sabuni ya vyombo vya upasuaji au kuizidisha kipimo. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili, moja inayoshikana na maji na nyingine inayoshikana na mafuta, na kazi yake kubwa ni kupunguza mvutano wa uso wa maji ili maji yaingie katika nyufa nyembamba. Povu ni hewa tu iliyonaswa katika utando wa maji hayo, wala halipimi usafi. Watengenezaji wa sabuni ya hospitali huchagua molekuli zisizo na chaji ya umeme ambazo utando wake hupasuka upesi, hasa maji yakiwa na uvuguvugu, hivyo maji hubaki na uwezo wa kupenya bila kufunikwa na povu.

Mashine ya kuoshea vyombo hurusha maji kwa pampu kupitia mikono inayozunguka, na povu likifika kwenye pampu, pampu hunyonya hewa, shinikizo hushuka na mikono husimama, hata mzunguko ukamalizika vyombo vikiwa vimeloa tu. Beseni la mawimbi ya sauti, ambalo hutumia mawimbi yasiyosikika na sikio la binadamu kuunda viputo vidogo mno vinavyopasukia kwenye chuma na kubandua uchafu, hupoteza nguvu maji yanapojaa hewa na povu. Anayeosha kwa mikono, kama inavyofanyika katika hospitali nyingi ndogo, naye huhitaji kuona kilichomo ndani ya sinki, kwa sababu kisu kilichofichwa na povu humkata na kumweka katika hatari ya virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Ndani ya mrija mwembamba, kiputo kimoja cha hewa hutosha kuzuia kimeng'enya kisiguse ukuta wa mrija.

Kubwa zaidi kwa Kitui na Makueni ni suuza. Povu jingi hudai maji mengi ili liondoke, na sabuni iliyosalia kwenye chuma hukaushiwa humo na otoklevu ikawa madoa. Katika kaunti hizi mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutumainiwa zaidi, mito mingi hukauka na watu huchimba maji kwenye mchanga wake au nyuma ya mabwawa ya mchanga, na wakati wa kiangazi maji huletwa kwa boza. Sabuni inayosuuzika kwa maji machache, katika mazingira hayo, si anasa hata kidogo.

Msomaji wa Mutomo au Kathonzweni anaweza kudai kwa haki kwamba, ikiwa maji ya kisima chake hayatoi povu kwa sabuni yoyote, basi tatizo la povu limekwisha. Haliishi, kwa kuwa mambo hayo mawili ni tofauti kabisa. Maji yaliyopita katika miamba huyeyusha kalisi na magnesi, na hayo ndiyo huitwa maji magumu. Sabuni ya kipande ikikutana nayo hugeuka ukoko mweupe usioyeyuka, na sehemu yake kubwa huharibika kabla ya kuugusa uchafu. Hapo povu limekosekana kwa sababu sabuni imeuawa, ilhali katika sabuni ya hospitali povu limepunguzwa huku uwezo wa kuosha ukiwa kamili, na nyingi za sabuni hizo zina viambato vinavyoifunga kalisi isiingilie. Viambato hivyo, hata hivyo, havizuii kloridi, yaani ile chumvi ya visima, ambayo hutoboa taratibu ngozi ya kinga inayokifanya chuma kisishike kutu na kuacha vishimo ambamo damu ya kesho itajificha. Kwa hiyo maji ya suuza ya mwisho yanafaa yawe yameondolewa madini. Hospitali yenye kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo huwa tayari ina mtambo wa kuchuja maji kwa utando, na bomba moja kutoka mtambo huo hadi chumba cha kuoshea vyombo ni gharama ndogo. Palipo hospitali isiyo na mtambo kama huo, maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi na kuchujwa ni laini kwa asili yake, na ni bora kuliko ya kisima cha chumvi.

Kwa miaka mingi wahudumu wa afya nchini walifundishwa kutumbukiza vyombo vyenye damu katika maji ya klorini kwanza, kwa kuchanganya sehemu 1 ya Jik ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5, na kuviacha humo kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Mwongozo wa mwaka 2016 uliotajwa hapo juu haupendekezi tena kuloweka vyombo katika dawa ya kuua viini kabla ya kuviosha, kwa kuwa damu huipunguza dawa hiyo nguvu na dawa yenyewe hula chuma. Kwa mwenye sabuni ya vimeng'enya kuna sababu ya ziada: klorini huharibu vimeng'enya, hivyo chombo kilichotoka kwenye ndoo ya Jik na kuingia moja kwa moja kwenye beseni la sabuni hii huigeuza sabuni ya bei kuwa maji matupu.

Joto nalo huharibu kazi kwa njia mbili. Maji ya moto sana huigandisha damu kwenye chuma kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na kwa hiyo suuza ya kwanza hufanywa kwa maji baridi. Vimeng'enya pia, kwa kuwa ni protini, hufanya kazi vizuri katika uvuguvugu wa nyuzi 40 hivi na huharibika joto linapozidi sana. Maelezo ya chupani kuhusu kipimo, joto na muda hupaswa kufuatwa bila kukisia. Sabuni hii haiui viini, na maji yake yakiachwa yatumike siku nzima huwa makazi ya bakteria, hivyo humwagwa baada ya kila awamu ya vyombo. Brashi hutumika chini ya uso wa maji ili matone yasiruke, na mwoshaji huvaa glavu nene, aproni, barakoa na kinga ya macho. Mwaka 1969 jarida la Lancet liliripoti ugonjwa wa mapafu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda waliovuta vumbi la vimeng'enya vya sabuni, na mwoshaji wa hospitali hana sababu ya kuvuta ukungu wake.

Ukaguzi hufanywa kwa lenzi ya kukuza chini ya taa kali, koleo likiwa limefunguliwa. Palipo shaka, tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 likitiwa kwenye kiungo hutoa viputo ikiwa damu imesalia, na chombo hurudishwa sinkini na kuoshwa upya.

Maafisa ununuzi wa kaunti, wanapoagiza kutoka KEMSA, shirika la serikali la ugavi wa dawa na vifaa vya tiba, au kwa wauzaji binafsi, wanafaa kuandika kwenye zabuni kwamba sabuni iwe na proteasi na lipasi pamoja, isiwe na asidi wala magadi makali, iwe ya povu dogo kama itatumika katika mashine, na iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo mbali, kwa sababu vimeng'enya hupungua nguvu hata chupa isipofunguliwa, na hupungua haraka zaidi katika joto. Ghala lenye paa la bati huko Makindu au Mtito Andei, ambako mchana wa Februari hupita nyuzi 30, si mahali pa kuhifadhi shehena ya mwaka mzima; afadhali iagizwe kidogo kila robo mwaka, na madumu yawekwe ndani, sakafuni penye kivuli, mbali na dirisha.