Mti Unaochimba Madini

Sogeeni karibu, wanangu, niwape habari za mti mmoja wa New Caledonia, kisiwa cha bahari ya Pasifiki. Ukiuchanja gome, hautoi utomvu mweupe kama mpapai. Unatoka utomvu wa samawati iliyochanganyika na kijani! Rangi hiyo ni ya nikeli, madini yanayotiwa kwenye sarafu na betri. Utomvu ule ukikauka, robo nzima ya uzito wake ni nikeli.

Mimea mingi ingekufa kwa sumu hiyo. Mti huu una ujanja wake: nikeli ikipanda kutoka mizizini, unaifunga kwa asidi ileile iliyomo ndani ya ndimu, ikatulia isiudhuru. Mdudu akija kuguguna, shauri yake.

Hata Kongo, kwenye vilima vya shaba vya Katanga, kuna ua dogo la jamii ya mrehani linalostawi penye shaba. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamelifuata ua hilo hadi kwenye tanuri ambamo wahenga waliyeyushia shaba yao.

Sasa fikirieni simu mbovu. Tani moja ya mawe ya mgodini mara nyingi hutoa gramu chache tu za dhahabu, ilhali tani ya simu inaweza kufikisha gramu 300 hivi. Je, mmea hauwezi kuivuta?

Msikimbilie kuzika simu ya baba bustanini! Mzizi hauna meno. Hunywa kile tu kilichoyeyuka majini, na dhahabu haiyeyuki kirahisi. Ule ubao wa kijani ulio ndani ya simu, ambao mafundi huuita bodi, lazima kwanza usagwe, kisha utiwe dawa ya kulegeza madini. Mwaka 1998 Chris Anderson na wenzake wa New Zealand walipanda haradali, ndugu wa kabichi na sukuma wiki, kwenye udongo wenye dhahabu. Wakautia udongo dawa ya kuyeyusha dhahabu, nayo ikapanda hadi majanini. Mmea wa namna hiyo ukivunwa, ukakaushwa na kuchomwa, dhahabu hubaki majivuni.

Tatizo ni hizo dawa zenyewe: zikiponyoka zikafika kisimani, tumekwisha. Ndiyo maana mimi naona simu nzima ni kazi ya fundi na mitambo. Mmea upewe udongo wa majalala yale zinakochomwa nyaya ili kupata shaba, ambako chembe za madini zimetapakaa kiasi kwamba hakuna mtambo utakaozifuata. Mizizi hupenya humo polepole, msimu baada ya msimu.

Ila mboga za shamba lenye udongo huo haziliwi, hata zikinawiri vipi. Pamoja na shaba, huenda zimefyonza risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Kwa hiyo shamba huzungushiwa ua, na mbuzi wa jirani hufungwa mbali.