Saiba Yako Inajikokota? Rekebisha Mipangilio Kabla ya Kununua Intaneti Kubwa

Kila mwaka, siku za mwisho za Juni, saiba za Umoja, Kayole, Dandora na Donholm hujaa watu. Mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA ni tarehe 30, na bado kuna wanaotaka cheti cha maadili mema kwenye eCitizen. Mteja anapata ombi la malipo kwenye simu, anaweka PIN, pesa inatoka. Lakini kompyuta imekwama, ukurasa unazunguka tu. Anaambiwa, "Jaribu tena." Hapo ndipo watu hulipa mara mbili.

Ndiyo maana leo tunaongea na nyinyi wenye saiba na ofisi ndogo. Mara nyingi shida si laini ya intaneti. Ni kompyuta zinazonyang'anyana laini moja, na dawa yake haigharimu hata shilingi.

Kwanza, jua kinachokula mashine

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka na kukuonyesha kazi ya CPU, Memory, Disk na Network. Memory ikikaribia asilimia 100, programu zilizofunguliwa ni nyingi kuliko uwezo wa mashine. Disk ikikaa juu muda mrefu, diski ndiyo inalemewa. Network ikipanda na hakuna mtu anayetumia mashine hiyo, kuna kitu inapakua kimya kimya. Na zote zikiwa chini kwenye kila mashine ilhali ukurasa haufunguki, basi shida iko kwenye laini au kwenye tovuti yenyewe.

Pili, zuia kompyuta kupakua kitu kimoja mara sita

Tuseme una laini ya Mbps 10 na kompyuta sita za Windows. Sasisho moja la MB 600 linaweza kushika laini nzima kwa dakika nane. Kila mashine ikijipakulia lake, hizo ni dakika 48 za wateja kulalamika.

Kwenye Windows 11, ingia Settings, Windows Update, Advanced options, kisha Delivery Optimization. Ruhusu kupakua kutoka kompyuta nyingine, lakini chagua zile za mtandao wako wa ndani pekee. Ukichagua na za intaneti, mashine zako zinaweza kuwatumia watu usiowajua mafaili kwa bando lako. Baada ya kufunga duka, sasisha kwanza mashine yenye nguvu zaidi, kisha zile nyingine, ili zichukue sehemu kubwa kutoka kwake. Pia weka "Active hours" zilingane na saa zako za kazi, mashine isijizime na kuwaka upya mteja akiwa katikati ya fomu.

Tatu, punguza mizigo

Kwenye Task Manager, fungua sehemu ya Startup. Zima programu ambazo si lazima ziwake pamoja na mashine, kama za muziki, michezo na mazungumzo. Kama unatumia Chrome, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya System, uizuie kuendelea kufanya kazi baada ya kufungwa.

Kwa zile ex-UK zenye RAM ndogo, tafuta "Adjust the appearance and performance of Windows", kisha chagua "Adjust for best performance". Madirisha yatapoteza urembo, lakini mashine itapumua. Na kama bado inatumia diski ya zamani inayozunguka, kuibadilisha na SSD kutakusaidia kuliko kulipia laini kubwa zaidi.

Usizime ulinzi

Kuna mafundi ambao wakiambiwa mashine ni nzito, wanazima antivairasi na masasisho yote. Ni kweli itakuwa nyepesi kidogo. Lakini mashine hiyo hiyo ndiyo watu wanaandikia nywila za iTax, eCitizen na barua pepe. Programu moja ya wizi ikiingia, inazichukua zote. Kumbuka pia kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako inakubali Windows 11, hamia huko.

Na wewe unayelipa

Ukurasa ukikwama baada ya kuweka PIN, usikimbilie kurudia. Angalia kwanza ujumbe wa uthibitisho kwenye simu, au salio lako. Kama pesa imetoka, unayo nambari ya muamala. Itunze, subiri kidogo, kisha fungua ukurasa upya uone kama malipo yamesomeka. Ukilipa eCitizen kwa Paybill 222222, hakikisha nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara yako.

PIN yako inaingia kwenye simu yako pekee. Tovuti ikikuuliza PIN kwenye kompyuta, simama hapo hapo, usiandike. Na kabla hujainuka kwenye kiti, toka kwenye akaunti zako zote, hata kama nyuma yako watu wanasema, "Harakisha, bwana!"