Programu yako imekwama bila kuonyesha kosa? Angalia nani anatuma na nani anapokea

Umekaa na mradi wako hadi saa nne usiku. Ulipoijaribu programu na nambari 10, ilifanya kazi sawasawa. Sasa umeipa nambari milioni moja na imenyamaza tu. Haijaanguka wala haijaonyesha kosa, na feni ya kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga unga. Usidanganyike na hiyo feni: hakuna kazi inayoendelea hapo, ni kungoja tu. Na mwalimu anataka kuiona kesho asubuhi.

Usifute chochote kwanza. Kama unatumia MPI, kanuni za kutumiana ujumbe zilizotolewa 1994, huenda kosa ni dogo sana.

Katika MPI kazi hugawiwa prosesi kadhaa, kila moja na nambari yake kuanzia 0. Kila prosesi ina kumbukumbu yake. Ikitaka kitu cha mwenzake, kwa kawaida mwenyewe hukituma, nayo hukipokea.

Sasa hebu soma kodi yako. Je, prosesi zote mbili zinaanza na MPI_Send, halafu MPI_Recv? Ni kama wewe na rafiki yako mkipigiana simu wakati mmoja: kila mtu anaambiwa mwenzake anatumia laini. Nyinyi mtachoka mkate simu. Prosesi hazichoki.

Lakini mbona nambari 10 zilipita? Ujumbe ukiwa mdogo, MPI kwa kawaida huuweka kando na kuiachilia prosesi iendelee. Ukiwa mkubwa, hungoja hadi mpokeaji awe tayari. Kumbe kosa lilikuwepo tangu mwanzo, ni vile data ilikuwa kidogo! Na usijaribu kukisia mpaka wa mdogo na mkubwa, maana hubadilika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine.

Kurekebisha si kazi. Acha prosesi 0 itume kwanza, nayo 1 ianze kwa kupokea. Ama tumia MPI_Sendrecv, inayofanya yote mawili kwa pamoja. Mimi ndiyo naipendelea. MPI_Isend pia ipo, ila usiguse data uliyotuma kabla MPI_Wait haijamaliza.

Kabla ya kulala, badilisha kila MPI_Send iwe MPI_Ssend, ambayo humngoja mpokeaji hata kwa nambari moja. Jaribu tena na zile 10. Ikikwama, bado kuna mahali hujarekebisha. Ikipita, rudisha MPI_Send na uipe ile milioni.